Waridi Nyuma ya Ukuta: Hadithi za Skuli za Dakhalia, Kutoka Kiungani Hadi Segese

Miongoni mwa aina za hadithi ambazo sisi wapenzi wa fasihi ya Kiswahili huzitaja kwa nadra ni hadithi ya skuli ya dakhalia, au ya bweni kama wasemavyo ndugu zetu wa bara. Ni hadithi ya mtoto aliyeondolewa kwao akakabidhiwa walimu, akalala katika safu ya vitanda pamoja na watoto asiowajua, akaamka kwa kengele na kula kwa kengele, na akajifunza kuishi bila ya mama yake kabla hajawa mtu mzima. Waingereza huihesabu riwaya ya Thomas Hughes, Tom Brown's School Days, ya mwaka 1857, kuwa miongoni mwa zilizoifungulia njia fani hii. Wakatoliki nao hawakubaki nyuma. Mwishoni mwa karne ya 19 padre Mjesuti wa Marekani, Francis Finn, aliwaandikia watoto hadithi za akina Percy Wynn na Tom Playfair, wavulana wa skuli ya dakhalia ya Kikatoliki. Mpango wa hadithi hizo ni mwepesi: mtoto mtundu huingia, huonjeshwa nidhamu, sala na usuhuba, kisha hutoka akiwa mtu mwema.

Makala haya yanauliza: je, hadithi ya namna hiyo ipo kwetu? Na kama ipo, ni nani aliyeisimulia, na kwa faida ya nani? Swali hili si la maktaba peke yake. Huko Segese, katika ukanda wa dhahabu baina ya Kahama na Geita, kitanda cha bweni kinaweza kuwa ndicho kinachomtenga msichana wa miaka 15 na ndoa asiyoitaka. Tutaanzia hapa kisiwani, tuvuke kwenda bara kwa njia waliyopita wamisionari, tufike Ziwa, kisha tusimame Segese.

Kusini kidogo ya mji wa Unguja palikuwa na Kiungani, skuli ya Misheni ya Vyuo Vikuu. Misheni hiyo haikuwa ya Kanisa la Roma. Ilikuwa ya Waanglikana, lakini Waanglikana wa tawi lile lililopenda ubani, maungamo na ibada ya altareni kiasi cha kukaribiana mno na Wakatoliki. Wanafunzi wake wengi wa mwanzo walikuwa watoto waliotekwa bara, wakapakiwa majahazini, wakakamatwa na manowari za Waingereza na kukabidhiwa misheni. Mwaka 1887 A. C. Madan, ambaye baadaye wapenzi wa lugha walimjua kwa makamusi yake ya Kiswahili, alichapisha London kitabu kilichoitwa Kiungani. Ndani yake mna habari zilizoandikwa na wavulana wa skuli za misheni hiyo wenyewe: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo. Wanasimulia kwao, vita vilivyowakumba, mwendo wa kutwa na kucha, kuuzwa na kuuzwa tena, na jahazi.

Mambo mawili yanahitaji kutazamwa hapa. La kwanza, katika nchi hizi hadithi ya mtoto wa dakhalia haikuanza kwa mtu mzima kumwandikia mtoto. Ilianza kwa mtoto kupewa karatasi na kuandika. Finn alikuwa padre na mwalimu. Aliona skuli kutoka mezani kwa mwalimu. Wale wavulana wa Kiungani waliiona dunia kutoka dawatini. La pili ni kwamba karibu hawaielezi skuli yenyewe. Macho yao yapo nje ya ukuta, kwa mama aliyeachwa na kijiji kilichochomwa. Mwisho wa safari zao ni kuokolewa baharini na kufikishwa misheni, na hapo kalamu husimama, kana kwamba baada ya kuokoka hakuna tena la kusimulia. Lakini kila aliyelala dakhalia anajua kwamba baada ya kufika ndipo mengine huanza.

Lipo na jambo la tatu, nalo linatuhusu sisi watu wa lugha. Wavulana wale waliandika kwa Kiswahili, na Madan akafasiri. Kilichotoka mtamboni kikawafikia wasomaji ni Kiingereza. Kitabu chenye jina la kitongoji chetu kilichapishwa kwa ajili ya wafadhili wa Uingereza. Hivyo basi, maneno ya kwanza ya mtoto wa dakhalia wa Afrika ya Mashariki kutiwa kitabuni yaliingia katika lugha ya watu wengine.

Tuvuke sasa. Mapadre Weupe, shirika lililoasisiwa na Kardinali Lavigerie, walishukia Unguja mwaka 1878 na kuondokea Bagamoyo kwa msafara kuelekea maziwa makuu. Bagamoyo tayari walikuwapo mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu tangu mwaka 1868, na kijiji chao cha watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1883 Mapadre Weupe walifungua misheni ya Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria; mwaka 1891 wakafungua ya Ushirombo, katika nchi ya Wasumbwa. Ukiitazama ramani utaiona Segese imekaa baina ya nuru hizo mbili: Ushirombo iko magharibi yake, na Bukumbi iko mbali kidogo kaskazini mashariki. Huko nako, kama Bagamoyo na Kiungani, wanafunzi wengi wa mwanzo walikuwa watoto walionunuliwa kutoka mikononi mwa wafanya biashara ya watu. Mmoja wa watoto wa aina hiyo, Adrian Atiman, alitekwa Afrika ya Magharibi, akakombolewa na mapadre, akasomeshwa utabibu Malta, akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889, akawatibu watu huko hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1956, na miaka kumi kabla yake maisha yake aliyoyaandika mwenyewe yalitoka katika jarida la wanahistoria wa Tanganyika. Kwa mara nyingine, aliyekuwa mtoto wa misheni ndiye aliyeshika kalamu.

Lakini watoto hao walisomeshwa nini? Katekisimu, vitabu vya sala, na maisha ya watakatifu. Hapana haja ya kuyabeza. Maisha ya watakatifu ni hadithi, na mtoto huzipokea kama hadithi. Wafiadini wa Uganda, waliouawa na Kabaka Mwanga baina ya miaka 1885 na 1887, walikuwa vijana wa ikulu, na Kizito aliyekuwa mdogo kuliko wote alikuwa na umri wa miaka kama 14. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu 22 kati yao mwaka 1964, mtoto Mkatoliki wa Afrika ya Mashariki alipata shujaa wa rika lake na wa rangi yake. Wasichana nao walipewa Maria Goretti, mtoto wa Kitaliani wa miaka 11, aliyechomwa kisu mwaka 1902 kwa kumkataa kijana aliyetaka kumnajisi, akafa baada ya kumsamehe. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1950, na jina lake limepewa skuli nyingi za wasichana duniani.

Mwenye kusoma kwa makini ataona tofauti baina ya mafunzo hayo mawili. Mvulana anaambiwa: simama mbele ya mfalme, usiiache imani yako. Msichana anaambiwa: ni bora ufe kuliko kuguswa. Fundisho hilo lina utukufu wake, wala si kazi yetu hapa kuujadili utakatifu wa mtoto yule. Lakini lina pengo. Halimwambii lolote msichana aliyekwisha guswa, wala yule aliyeghilibiwa, wala yule aliyependa akaachwa. Kwa hao, ambao ni wengi, maisha ya watakatifu yalinyamaza. Na mahali kitabu kinaponyamaza, mtoto hubaki peke yake.

Hata Ulaya kunyamaza huko kulileta mgogoro. Mwaka 1933 mwandishi wa Kiingereza Antonia White alichapisha Frost in May, riwaya ya msichana aitwaye Nanda Grey, aliyepelekwa skuli ya masista karibu na London baada ya baba yake kuingia Ukatoliki. Nanda anaipenda skuli na ana hamu ya kuwa mwema. Kwa siri anaanza kuandika hadithi. Nia yake ni kuonyesha watu waliozama katika dhambi, kisha awaongoe wote mwishoni, ili utukufu wa Mungu uonekane zaidi. Masista wanaigundua hadithi yenyewe akiwa bado yuko kwenye dhambi, hajafika kwenye toba. Baba yake anaitwa, na Nanda anaondolewa skulini. Mwandishi mwenyewe alikuwa amepatwa na mkasa wa namna hiyo utotoni. Kisa hiki kinatufunza kwamba hadithi ya dakhalia, inapotoka mkononi mwa mwalimu na kuingia mkononi mwa mwanafunzi, huwatia wakubwa hofu. Na aghalabu husomwa nusu, ikahukumiwa nzima.

Jambo kama hilo lilitukia kwetu, na aliyelitenda ni mwana wa kisiwa kama sisi, ingawa kisiwa chake kimezungukwa na maji matamu. Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria, imetoa waandishi wawili wakubwa waliopita katika seminari za Kikatoliki, ambazo nazo ni dakhalia. Wa kwanza ni Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa katika seminari ya Rubya, Uhayani. Kitereza aliutumia ujuzi wa mapadre kuihifadhi dunia iliyokuwapo kabla ya mapadre. Riwaya yake kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikatolewa na Tanzania Publishing House katika mwaka wa 1980, karibu na kufa kwake mwaka 1981. Humo hamna skuli. Mna ndoa, utasa, uganga, kilimo, ugeni na ulezi wa watoto kama ulivyokuwa kabla kengele ya misheni haijalia.

Wa pili ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944 na kusoma katika seminari ya Nyegezi, nje kidogo ya Mwanza. Wasomaji wa mashairi wanamjua zaidi kwa Kichomi, diwani ya mwaka 1974 iliyoleta mashairi yasiyo vina wala mizani na kuzusha mjadala ambao baadhi yetu hawajausamehe hata leo. Lakini kabla ya Kichomi, alipokuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam, aliandika riwaya iliyochapishwa mwaka 1971 kwa jina la Rosa Mistika. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo riwaya ya Kiswahili iliyosema kwa uwazi zaidi kuliko nyingine yoyote kuhusu msichana Mkatoliki anayekwenda dakhalia, ijapokuwa haikuandikwa kwa ajili ya watoto na kwa muda walizuiwa wasiisome.

Jina lenyewe ni la kishairi, nalo linastahiki kuelezwa kwa msomaji wa pwani. Wakatoliki wana litania ya Bikira Maria, iliyoidhinishwa na Papa Sixtus wa Tano mwaka 1587, ambayo humwita Maria kwa msururu wa majina ya sifa. Anaitwa mnara, anaitwa sanduku la agano, anaitwa nyumba ya dhahabu, na anaitwa rosa mystica kwa Kilatini, yaani waridi lenye fumbo. Sisi pia tunaye waridi katika mashairi yetu. Malenga wa pwani wamemtumia tangu zamani kumsifia mwanamke, na hata kumtahadharisha, kwa kuwa ua hunusiwa na likanyauka. Kezilahabi alilichukua jina la Maria akampa msichana wa kijijini Ukerewe, binti wa Zakaria mlevi na Regina mvumilivu. Kumwita mtoto huyo Rosa Mistika ni kumtwisha jina ambalo hakuna msichana wa nyama na damu awezaye kulibeba.

Kisa kinajulikana, tutakigusa kwa ufupi. Zakaria anamlinda binti yake kwa mkono mkali. Barua moja tu kutoka kwa kijana Charles inatosha kumletea Rosa kipigo cha kumdhalilisha. Hamweleshi lolote, anampiga. Kisha Rosa anachaguliwa kwenda kwenye skuli ya wasichana ya dakhalia, na kutoka ukuta wa baba anaingia ukuta wa masista. Mwanzoni ni mcha Mungu na mwoga wa wanaume. Baadaye anachekwa na wenziwe, anaonja dansi, anaonja kupendwa, na kwa kuwa hakuna aliyemfunza kupima, anaonja bila kipimo. Mambo yanamfuata hadi chuo cha ualimu, ambako mkubwa wake mwenyewe ni miongoni mwa wanaomtumia. Anatoa mimba. Anaporudi nyumbani na Charles akarudi maishani mwake, Rosa ametubu na anatafuta utulivu. Lakini yaliyopita yanajulikana, Charles anamwacha, na Rosa anajiua.

Kitabu kilipotoka, skuli nyingi za misheni zilikuwa tayari zimetwaliwa na serikali kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Hata hivyo kilizuiwa kwa muda kisitumike maskulini. Miaka ilipopita milango ikafunguliwa, kikasomeshwa katika sekondari na kutahiniwa. Waliokizuia waliona kwamba kinafunza uasherati. Hapa ndipo Kezilahabi anapokutana na Nanda wa Antonia White: wote wawili walionyesha dhambi kwa nia ya kuonya, na wote wawili walionekana wameshika dhambi mkononi. Tofauti ni kwamba Kezilahabi aliimaliza hadithi yake, na mwisho wake haukuwa toba inayofuatwa na furaha, bali toba isiyopokelewa na watu.

Je, riwaya hii ni mashtaka dhidi ya Kanisa na skuli zake? Wapo waliodhani hivyo. Mimi naona si sawa, na kwa kulithibitisha hilo hatuna haja ya kutoka pwani. Mwaka 1980 Said Ahmed Mohamed, mwana wa Pemba, alitoa Utengano. Humo mna Maimuna, binti wa Maksuudi, anayefungiwa ndani ya nyumba ya Kiislamu yenye heshima zake, asione mtu wala asionwe. Siku anayotoka anaingia mjini bila ya silaha yoyote ya kujilindia, na dunia inamtenda kama ilivyomtenda Rosa. Hakuna masista hapo, hakuna litania wala kengele. Kuna baba anayeamini kwamba ukuta ni malezi. Kezilahabi na Said Ahmed Mohamed, mmoja wa ziwa na mmoja wa bahari, mmoja wa kanisani na mmoja wa nyumba za Waislamu, waliona ugonjwa mmoja.

Na tuwe waadilifu: ukuta peke yake haukuwa malezi ya wazee wetu. Mwana Kupona binti Msham alipohisi maradhi yake yamekuwa mazito, karibu ya mwaka 1858, alimtungia binti yake utendi, naye alizungumza naye. Tunaweza leo kuhitilafiana juu ya aliyomwambia kuhusu mume na utiifu, lakini hatuwezi kusema kwamba alinyamaza. Kadhalika somo na kungwi, katika miji yetu yote ya pwani, walikuwa na kazi ya kumweleza mwari mambo ya mwili wake kwa maneno, nyimbo na mafumbo. Huko bara nako kila kabila lilikuwa na bibi, shangazi na manyakanga wake. Skuli ya dakhalia ilimchukua msichana kutoka kwa hao wote. Ilimpa kusoma, ilimpa hesabu na sayansi, ilimpa nafasi ya kuwa muuguzi, mwalimu au mtawa badala ya kuolewa akiwa mtoto. Hayo ni makubwa na hayafutiki. Lakini nafasi ya kungwi iliachwa wazi, na riwaya ambayo ingeweza kuijaza kwa kiasi iliwekwa nje ya lango.

Sasa tusimame Segese. Ni kata iliyokuwa katika wilaya ya Kahama, na leo imo chini ya Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga. Wakaazi wake ni Wasukuma, Wasumbwa na watu waliovutwa na dhahabu kutoka pande zote. Si mbali na hapo uko mgodi wa Bulyanhulu, ambako wachimbaji wadogo waliondolewa mwaka 1996 na mgodi mkubwa ukafunguliwa mwaka 2001. Waumini wa Kikatoliki wa eneo hili wamo katika jimbo la Kahama, lililoundwa mwaka 1983. Kaskazini yake ni jimbo la Geita, lililoundwa mwaka uliofuata. Pesa ya dhahabu huja ghafla na kuondoka ghafla, na ng'ombe wa mahari wana thamani isiyopungua. Katika mazingira hayo msichana aliyevunja ungo ana wachumba kabla hajawa na cheti.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 uliukuta mkoa wa Shinyanga ukiongoza Tanzania: kati ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 24, 59 kwa kila 100 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Na sheria iliyoruhusu hayo ilitoka mwaka gani? Ni mwaka ule ule wa Rosa Mistika. Sheria ya Ndoa ya 1971, inayotumika Tanzania Bara, iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata miaka 14 kwa idhini ya mahakama, ilhali mvulana aliwekewa miaka 18. Hivyo katika mwaka mmoja nchi ilipata maandiko mawili juu ya msichana wa miaka 15. Moja lilisema yuko tayari kuwa mke. La pili lilionyesha kwamba hakuna aliyemtayarisha kwa lolote. La kwanza likawa sheria, la pili likazuiwa maskulini.

Ilichukua miaka 45 kwa la kwanza kutikiswa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu hivyo vya umri vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukataa ufafanuzi wa serikali na kuithibitisha hukumu. Kwa upande wa skuli, kanuni za mwaka 2002 ziliwapa wakuu wa skuli njia ya kuwafukuza wanafunzi, na wasichana waliopata mimba ndio walioipita njia hiyo kwa wingi. Mwaka 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba mwenye kupata mimba hatorudi skulini. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ikatangaza kuwa aliyejifungua anaweza kurudi darasani. Rosa wa riwaya hakuwa na Novemba 2021 yake. Alikuwa na siri, na siri ikamuua.

Kwa msichana wa Segese, basi, dakhalia si kitu cha kukidhihaki. Tangu skuli za kata zilipoenea kuanzia mwaka 2004, watoto wengi wa vijiji vya mbali wamekuwa wakitembea masafa marefu kila siku, au wakipangishiwa chumba karibu na skuli, kile wanachokiita geto, wakae humo bila ya mzazi wala mlezi. Mwenye pikipiki anayempa lifti, na mwenye duka anayemkopesha sabuni, huijua njia ya geto. Ikilinganishwa na geto, dakhalia yenye mlinzi na taa ni neema, iwe ya serikali au ya masista. Mtu anayeusema ukuta wa dakhalia kwa ubaya tu hajauona mlango wa geto usio na komeo.

Lakini neema hiyo haitoshi ikiwa ndani ya ukuta mna kimya kile kile cha Zakaria. Kitanda humlinda msichana usiku. Neno humlinda siku anapotoka. Na siku ya kutoka haina budi kufika. Ndiyo maana naona kwamba upungufu wa hadithi za Kiswahili za watoto wa dakhalia si upungufu mdogo wa mapambo. Mtoto wa Uingereza au Ireland aliye katika skuli ya masista anaweza kuchagua: akitaka kufarijika ana hadithi za mtoto mtundu anayeongoka, na akitaka ukweli mchungu ana Antonia White. Mtoto wa Segese ana maisha ya watakatifu katika mkono mmoja na Rosa Mistika katika mkono wa pili. Baina ya Goretti aliyekufa ili asiguswe na Rosa aliyekufa kwa sababu aliguswa, hana kitabu cha msichana aliyeishi. Wote wawili wanaomwakilisha ni maiti.

Kitabu hicho cha tatu ndicho kinachotakikana. Si lazima kimpinge padre wala sista. Wapo masista waliotumia umri wao wote kuwatetea wasichana wa ukanda ule, na hadithi ya kweli itawakuta humo. Si lazima kiwe kichungu. Kiwe na uji wa asubuhi, foleni ya maji, barua kutoka nyumbani, rafiki anayecheka wakati wa sala, mwalimu mwenye huruma na mwalimu asiyenayo, na msichana anayeulizwa na mjomba wake wakati wa likizo ng'ombe wangapi wanatosha, naye akajua la kujibu. Kiwe cha kusomwa na mtoto wa miaka 12 bila ya kuficha jalada.

Nani wa kukiandika? Madan, pamoja na kasoro zote za zama zake, alifanya jambo moja ambalo wengi waliomfuata hawakulifanya: aliwapa wanafunzi karatasi, akayachapisha waliyoyaandika. Kosa likawa ni lugha. Karne na zaidi imepita, na watoto wa dakhalia wa Segese, Kahama na Geita wanaandika Kiswahili fasaha kuliko wazee wao. Insha zao hurudishwa na alama nyekundu, kisha hufungiwa mandazi sokoni. Majarida ya fasihi, na hili tulilolishika mojawapo, yamezoea kungojea malenga waliokomaa. Na yafungue kurasa mbili tatu kwa insha na mashairi ya wanafunzi wa bweni, wavulana kwa wasichana, kwa Kiswahili walichokiandika wenyewe. Atakayekuja kuandika kitabu cha msichana aliyeishi huenda yumo darasa la saba hivi sasa, na anachokihitaji kwanza ni kujua kwamba hakitazuiwa kabla hajafika mwisho wake.